Jimi Hendrix: Mpiga gitaa aliyelikunja wimbi la sauti

FUNDI wa redio katika soko la Kikima, juu ya milima ya Mbooni katika Kaunti ya Makueni, akifungua redio kuukuu ya transista ya miaka ya 1960 hukutana na vitu vitatu ambavyo redio nyingi za siku hizi hazina. Cha kwanza ni transista za jemaniamu, madini yaliyotumika kabla silikoni haijashika nafasi yake. Cha pili ni transfoma ndogo kuliko kibiriti. Cha tatu ni daiodi ya kioo, nyembamba kama punje ya mchele. Redio ikishakufa, vitu hivyo hutupwa pamoja nayo.

Hata hivyo, ni vipuri vya jamii hiyo hiyo vilivyoupa ulimwengu mojawapo ya sauti za gitaa zisizosahaulika za karne ya 20. Mwanzoni mwa mwaka 1967, jijini London, kijana Mwamerika mweusi aliyekuwa hajulikani hata nyumbani kwao alipewa kisanduku kidogo kilichofanya kila noti aliyoipiga ijirudie juu yake yenyewe, kwa sauti nyembamba zaidi. Kijana huyo ni Jimi Hendrix. Aliishi miaka 27 tu, na umaarufu wake ulidumu miaka minne isiyotimia. Lakini zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake, mafundi wa nchi nyingi bado wanalehemu nakala za kisanduku kile wakiitafuta sauti yake.

Maisha yake ni jibu la swali ambalo kila fundi wa aina hiyo hujiuliza mwishowe: Je, sauti ilikuwa ndani ya kisanduku, au ilikuwa mikononi mwa mtu?

Fagio, ukulele na gitaa la dola tano

Hendrix alizaliwa Novemba 27, 1942 mjini Seattle, katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mama yake, Lucille, alimpa jina la Johnny Allen. Baba yake, Al Hendrix, alikuwa jeshini wakati huo wa Vita vya Pili vya Dunia, na aliporejea alimbadilisha mtoto jina. Kuanzia mwaka 1946 akaitwa James Marshall.

Nyumba yao haikuwa na utulivu. Wazazi walitengana mwaka 1951, na kijana na ndugu yake wakabaki na baba, ambaye kipato chake kilikuwa cha kubahatisha. Mama alifariki mwaka 1958, wakati mwanawe akiwa na umri wa miaka 15. Kabla ya hapo mtoto alizoea kushika fagio na kulipapasa kana kwamba ni gitaa. Siku moja, alipokuwa akimsaidia baba yake kuondoa takataka katika nyumba ya watu, aliokota ukulele uliobakiwa na uzi mmoja. Aliupiga uzi huo mmoja, akifuatisha nyimbo alizozisikia redioni.

Mwaka 1958 alipata gitaa lake la kwanza la mbao kwa dola tano. Mwaka uliofuata baba yake alimnunulia gitaa la umeme. Kijana alikuwa wa mkono wa kushoto, ilhali magitaa yaliyokuwa madukani yalitengenezwa kwa wanaotumia mkono wa kulia. Dawa yake ilikuwa rahisi: alilipindua gitaa, akazitoa nyuzi zote na kuzifunga upya kwa mpangilio uliomfaa. Huo ulikuwa ukarabati wake wa kwanza wa chombo, na tabia hiyo haikumtoka hadi mwisho. Hakukubali kamwe kwamba chombo kibaki kama kilivyotoka kiwandani.

Askari wa miamvuli na mpiga gitaa wa kukodiwa

Mwaka 1961, baada ya kukamatwa akiwa ndani ya magari ya wizi, alipewa nafasi ya kuchagua kati ya jela na jeshi. Alichagua jeshi. Alipelekwa kambi ya Fort Campbell, mpakani mwa Kentucky na Tennessee, akafunzwa kuruka kwa miamvuli katika Divisheni ya 101. Huko alikutana na Billy Cox, mpiga gitaa la besi, ambaye angekuja kuwa naye jukwaani katika miezi yake ya mwisho. Mwaka 1962 Hendrix aliachishwa jeshi na kuanza kuishi kwa gitaa.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga. Alizunguka katika kumbi za watu weusi za kusini na mashariki mwa Marekani, akipiga nyuma ya waimbaji waliokuwa na majina makubwa. Mwaka 1964 alikuwa na Isley Brothers, na mwaka 1965 akawa na Little Richard. Kazi ya mpiga gitaa wa kukodiwa ilikuwa kusimama nyuma, kuvaa sare na kutomfunika mwenye bendi. Alijifunza nidhamu ya mdundo, lakini hakuwa na nafasi ya kusema lake.

Ni katika kipindi hicho cha njaa ambapo alifanya jambo lililomgharimu baadaye. Mnamo Oktoba 1965, jijini New York, alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu na kampuni ya PPX. Malipo ya papo hapo yalikuwa dola moja, pamoja na ahadi ya asilimia moja ya mapato ya rekodi. Kisha akausahau mkataba huo, lakini wenyewe hawakuusahau.

Mwaka 1966 aliunda kikundi chake mwenyewe na kupiga katika vilabu vidogo vya mtaa wa Greenwich Village. Hapo alimwona Chas Chandler, Mwingereza aliyekuwa akiacha kupiga besi katika bendi ya The Animals ili awe meneja wa wanamuziki. Chandler alimchukua hadi London. Walitua Septemba 24, 1966. Jina lake likaandikwa Jimi, na Waingereza wawili wakaongezwa: Noel Redding kwenye besi na Mitch Mitchell kwenye ngoma. Bendi ikaitwa The Jimi Hendrix Experience. Wimbo wao wa kwanza, Hey Joe, ulitoka Desemba mwaka huo na kufika nafasi ya sita katika chati za Uingereza.

Mtaalamu wa sauti za majini

Katika vilabu vya London, Hendrix alikutana na kijana aliyeitwa Roger Mayer. Huyu hakuwa mwanamuziki. Alikuwa mtaalamu wa elektroniki aliyefanya kazi ya utafiti wa mitikisiko na sauti kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Kazi yake ya mchana ilimfunza kupima mawimbi ya sauti na kuyachambua. Usiku alitumia ujuzi huo huo kuwatengenezea marafiki zake wapiga gitaa visanduku vya kuibadilisha sauti.

Wakati huo pedali za kukwaruza sauti hazikuwa ngeni. Hendrix mwenyewe alitumia Fuzz Face, kisanduku cha mviringo kilichotolewa London mwaka 1966 na kampuni ya Arbiter. Kazi ya pedali ya namna hiyo ni kuikuza sauti ya gitaa kupita kiasi mpaka vilele vya wimbi vikatike, na noti ikawa nzito, yenye kukwaruza na kudumu muda mrefu. Kisanduku alichokileta Mayer kilikwenda hatua moja mbele. Juu ya ule mkwaruzo kiliongeza oktava, yaani noti ile ile ikiwa imepandishwa ngazi nane za muziki. Kiliitwa Octavia.

Februari 3, 1967, katika studio ya Olympic jijini London, Hendrix alikitumia kisanduku hicho kurekodi sehemu za gitaa za wimbo wa Purple Haze. Fundi mitambo wa studio alikuwa Eddie Kramer, mzaliwa wa Cape Town, Afrika Kusini. Siku hiyo hiyo Octavia ilitumika pia katika wimbo wa Fire. Purple Haze ulitolewa Machi 1967 na kufika nafasi ya tatu nchini Uingereza. Anayeusikiliza leo, gitaa linapoanza kujibizana peke yake katikati ya wimbo, husikia noti zinazofanana na filimbi iliyobanwa ndani ya bati. Hiyo ndiyo Octavia.

Mayer hakukiuza kisanduku chake madukani wakati huo. Alikitengeneza kwa mkono, akakifungua na kukibadilisha kila Hendrix alipotaka jambo jipya. Mwaka 1968 alifuatana na bendi katika safari zake nchini Marekani ili awe karibu na vyombo. Kwa hiyo hakukuwa na Octavia moja iliyokamilika. Kulikuwa na mfululizo wa majaribio kati ya mtu aliyejua hesabu ya mawimbi na mtu aliyejua anachotaka kusikia.

Jinsi wimbi linavyokunjwa

Siri yenyewe si ya kichawi, na fundi yeyote wa redio anaweza kuielewa. Uzi wa tano wa gitaa, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Umeme unaotoka kwenye gitaa hufuata mtetemo huo: hupanda juu ya mstari wa katikati, kisha hushuka chini yake, mara 110 kila sekunde. Kupata oktava ya juu ni kuifanya idadi hiyo iwe 220.

Transfoma ndogo ndiyo inayoanza kazi hiyo. Upande wake wa kutolea una waya wa tatu uliounganishwa katikati ya mzingo. Waya huo ukiunganishwa na upande wa sifuri wa saketi, ncha mbili zilizobaki hutoa nakala mbili za wimbi moja, ila moja imegeuzwa juu chini. Wakati nakala ya kwanza inapanda, ya pili inashuka. Kila ncha huwekewa daiodi, na daiodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: hupitisha kilicho juu ya mstari na kuzuia kilicho chini. Nakala hizo zinapounganishwa tena baada ya daiodi, lile bonde la wimbi limekunjwa kuelekea juu na kuwa kilima. Palipokuwa na kilima kimoja sasa pana viwili. Mara 110 zimekuwa 220.

Redio za zamani za transista zilizotumia transista mbili kusukuma spika zilikuwa na transfoma ya namna hiyo hiyo, yenye waya wa katikati, kwa sababu nazo zilihitaji kuligawa wimbi mara mbili. Daiodi ya jemaniamu nayo ilikuwamo, ikifanya kazi ya kuichambua sauti kutoka kwenye mawimbi ya hewani. Kwa kuwa daiodi zinazohitajika ni mbili zinazofanana, fundi huweza kulazimika kuzifungua redio mbili au zaidi kabla ya kupata jozi inayofaa. Zikiongezwa transista chache za kukuza sauti, rezista, kapasita, vitufe viwili vya kuzungusha, swichi ya kukanyaga na betri ya volti tisa, mali ghafi imetimia.

Mabadiliko ambayo mafundi hufanya kwenye kisanduku hicho yana sababu zake. La kwanza ni kulinganisha daiodi. Moja ikiwa dhaifu kuliko nyenzake, vilima viwili havilingani, na noti ya asili hujipenyeza na kuififisha oktava. Fundi mwangalifu hupima daiodi nyingi kwa mita na kuchagua mbili zenye kipimo kimoja, au huweka rezista ndogo ya kurekebisha ili aweze kusawazisha pande mbili kwa bisibisi.

La pili ni uchaguzi kati ya jemaniamu na silikoni. Daiodi ya jemaniamu hufunguka kwa volti zipatazo 0.3, ilhali ya silikoni hudai takriban 0.6. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maandishi, lakini sikio huisikia. Kwa silikoni, noti inapofifia hukatika ghafla kama mlango uliofungwa na upepo. Kwa jemaniamu hufifia polepole zaidi. Ubaya wa jemaniamu ni joto. Transista zake huvujisha umeme zaidi zinapopata joto, ndiyo maana pedali iliyolia vizuri mchana kwenye kivuli huweza kubadilika chini ya taa kali za jukwaani.

La tatu ni swichi ndogo inayoiondoa daiodi moja kwenye saketi. Ikiondolewa, wimbi halikunjwi tena, oktava hupotea karibu yote, na kisanduku hubaki na mkwaruzo wa kawaida. Mpiga gitaa hupata sauti mbili katika kisanduku kimoja.

Kisanduku kinachomdai mpigaji

Baada ya lehemu kupoa, wengi huvunjika moyo. Wanapiga mkupuo wa nyuzi sita na kusikia kelele isiyo na mpangilio. Kisanduku hakijaharibika. Kimetengenezwa kwa noti moja moja. Noti mbili zikiingia kwa pamoja, daiodi huzichanganya na kuzaa noti za ziada ambazo mara nyingi hazipatani na zile za kwanza.

Tena, wengi hudhani kwamba kadiri mkwaruzo unavyoongezwa ndivyo oktava itakavyosikika. Mambo ni kinyume. Wimbi likikuzwa mpaka vilele vyake vikawa bapa kabisa, bonde lililo bapa likikunjwa huungana na kilele kilicho bapa na kuwa mstari ulionyooka, na oktava hupungua. Kisanduku hulia vizuri zaidi mpigaji anapopunguza sauti ya gitaa kidogo, anapotumia kinasa sauti kilicho karibu na shingo ya gitaa, anapopunguza ukali wa sauti, na anapopiga juu ya shingo, karibu na freti ya 12, ambako noti ni safi zaidi. Kwa ufupi, kisanduku chenye makelele kuliko vyote hudai mkono wenye kiasi kuliko yote.

Hapo ndipo miaka ya kukodiwa ilipomfaa Hendrix. Alikuwa amejifunza kuzuia nyuzi asizozihitaji zisilie, na alikuwa na mazoea ya kuongeza na kupunguza sauti kwenye gitaa lenyewe badala ya kugusa mitambo. Pedali moja mikononi mwake ilitoa sauti nyingi.

Wasikilizaji wa Ukambani wana kipimo chao cha kulinganisha. Katika benga, kama ile ya marehemu Kakai Kilonzo na bendi ya Kilimambogo Brothers, gitaa husikika likipanda juu kwa kasi, sauti ikiwa safi isiyo na mkwaruzo. Mpigaji hupanda kwa vidole, akiifuata noti juu ya shingo. Hendrix alipanda kwa vidole na kwa umeme pamoja. Njia ni mbili, lakini zote zinaanzia kwenye noti iliyopigwa ikasikika sawasawa.

Moto, wimbo wa taifa na deni la dola moja

Mwaka 1967 ulimgeuza maisha. Albamu ya Are You Experienced ilitoka mwezi Mei nchini Uingereza na kufika nafasi ya pili, nyuma ya kazi ya Beatles. Juni 18, katika tamasha la Monterey jimboni California, alilichoma gitaa lake moto jukwaani, na Marekani iliyokuwa haimjui ikamjua usiku mmoja. Desemba ilileta albamu ya Axis: Bold as Love. Electric Ladyland ya Oktoba 1968 ilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani.

Bendi ya kwanza ilivunjika Juni 1969. Kiangazi hicho alikwenda mapumziko nchini Morocco, hadi mji wa pwani wa Essaouira. Asubuhi ya Agosti 18, 1969 alipanda jukwaani kufunga tamasha la Woodstock, wakati sehemu kubwa ya watu walikuwa wameshaanza safari za kurudi makwao. Aliupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa peke yake, akiuchanganya na milio iliyofanana na mabomu na ving'ora. Nchi yake ilikuwa vitani Vietnam, na aliyepiga alikuwa askari wa zamani wa miamvuli.

Wakati huo ule mkataba wa dola moja ulikuwa umeibuka. PPX ilidai haki yake mahakamani, na suluhu iliyofikiwa ilimtaka Hendrix atoe albamu nzima ambayo mapato yake yangekwenda kulimaliza dai hilo. Alimwita rafiki yake wa jeshini, Billy Cox, pamoja na mpiga ngoma Buddy Miles. Watatu hao, wote weusi, walipiga katika ukumbi wa Fillmore East, New York, usiku wa kuamkia mwaka 1970 na usiku uliofuata. Albamu ikaitwa Band of Gypsys na kutolewa Machi 1970.

Kwa watafiti wa Octavia, rekodi hiyo ndiyo shahidi mkubwa kuliko wote, kwa kuwa imerekodiwa mbele ya watu, bila nafasi ya kurudia studioni. Katika wimbo wa Who Knows oktava inasikika waziwazi. Katika Machine Gun, wimbo wa zaidi ya dakika 12 alioutoa kwa wapiganaji wa Vietnam na wa mitaa ya miji ya Marekani, Octavia inaungana na Fuzz Face na kisanduku kingine cha kuyumbisha sauti, Uni-Vibe kutoka Japani. Noti moja inashikiliwa kwa muda mrefu, inalia, inageuka kuwa kilio cha mtu, kisha inaporomoka. Kazi inayohesabiwa na wengi kuwa kilele chake cha upigaji ilitolewa ili kulipia sahihi aliyoiweka akiwa hana kitu.

Siku za mwisho

Kwa mwanamuziki aliyejali sauti kiasi hicho, kilichobaki kilikuwa kuwa na studio yake. Electric Lady ilifunguliwa rasmi Agosti 26, 1970 katika mtaa ule ule wa Greenwich Village alikopiga akiwa maskini. Alikuwa amerekodi humo kwa wiki chache tu hata kabla ya ufunguzi huo. Mara baada ya sherehe aliondoka kwenda Ulaya, ambako alipiga katika tamasha la Kisiwa cha Wight. Onyesho lake la mwisho lilikuwa Septemba 6 katika kisiwa cha Fehmarn, Ujerumani. Hakurudi tena katika studio yake.

Jimi Hendrix aliaga dunia London, Septemba 18, 1970. Uchunguzi wa kisheria ulieleza kwamba alikuwa amemeza dawa za usingizi kupita kiasi, akapaliwa na matapishi. Mwili wake ulirudishwa nyumbani na kuzikwa Oktoba 1 katika makaburi ya Greenwood, mjini Renton, karibu na Seattle. Hakuacha wosia. Baba yake alipigania haki za muziki wa mwanawe kwa muda mrefu na kuzipata mwaka 1995, miaka 25 baada ya mazishi.

Hatima ya Octavia ilikuwa nyingine. Katikati ya miaka ya 1970, kampuni ya Tycobrahe ya California ilitengeneza na kuuza kisanduku chenye jina hilo hilo kwa kipindi kifupi, kisha ikaacha. Vichache vilivyosalia vikawa tunu kwa wakusanyaji, na saketi yake, yenye transfoma na daiodi mbili za jemaniamu, ndiyo inayonakiliwa zaidi na mafundi wa kujitegemea. Mayer naye baadaye alianza kuuza Octavia zake mwenyewe.

Hivyo mabishano hayajaisha kuhusu ipi ni nakala ya kweli. Lakini aliyekitengeneza kisanduku hicho kwa mkono wake hujifunza jambo ambalo mabishano hayo hulificha. Transfoma hugawa wimbi, na daiodi hulikunja, na hayo yote hufanyika kwa mpigaji yeyote yule. Kinachobaki ni noti inayoingia. Mtoto aliyeanza na uzi mmoja wa ukulele uliotupwa alijua kuisubiri noti moja mpaka ikamilike kabla ya kuipiga nyingine. Hicho hakiuzwi madukani wala hakitolewi ndani ya redio kuukuu, na kila anayeshika gitaa hana budi kukitafuta mwenyewe.